Kichupa cha Arobaini

Mpango niliuandika nyuma ya katoni ya glovu,
kwa kalamu inayovuja:
vichupa arobaini, kila kichupa watoto kumi,
na watoto, kwa hesabu ya viongozi wa mitaa,
elfu moja mia moja na thelathini.
Nikajumlisha tena, kutoka chini kwenda juu,
kama mtu aliyepoteza ufunguo
anayerudi kupekua mfuko uleule.

Mia nne ni mia nne.

Basi nikaanza kukata.
Waliozidi miaka mitano, kalamu ikapita juu yao.
Wenye kadi yenye mhuri wa mwaka jana, wangoje.
Waliofika juzi kutoka mpakani, hao kwanza:
hema moja familia sita,
na surua haibishi hodi.
Zoni ya tisa, vichupa kumi na vinane.
Ya nne, kumi na viwili. Ya saba, tisa.
Kimoja nikakiwekea lori la keshokutwa alfajiri,
watoto kumi, tumeshatajiwa kwa redio.
Zoni zilizobaki nikaziandikia "mzigo ujao",
maneno mawili, mepesi mkononi.

Gwasa wa stoo anasema friji ya mafuta ina hasira;
usiku huamka mara mbili kuisikiliza inavyohema.
"Ukishafungua," akanikumbusha, ingawa najua,
"una saa sita. Baada ya hapo ni maji tu.
Na usifungue cha kumi kwa mtoto mmoja."
Nikaandika na hilo. Nikalipigia mstari.

Siku mbili zilikwenda vizuri, niseme ukweli.
Wilondja aliita kwa kipaza sauti,
kwa Kiswahili cha Uvira, kisha Kibembe,
kisha Kirundi alichookota kwenye foleni ya maharage.
Watoto walilia kwa zamu.
Tukawapaka wino kidole cha mwisho,
wakavinyoosha juu, wakaringishiana
kana kwamba wametoka kupiga kura.

Jioni ya pili, foleni imekwisha,
vumbi jekundu la Kasulu limekaa kwenye nyusi zetu,
kasha limebaki na barafu iliyolegea
na kichupa kimoja, kimraba cha lebo kingali cheupe.
Ndipo akaja Spesioza, viatu mkononi,
mtoto mgongoni. Ametoka zoni ya sita.
Zoni ya sita ni mzigo ujao.

Angesema Kibembe ningemwita Wilondja,
nikajificha nyuma ya mkalimani.
Lakini Kiha changu na Kirundi chake
vimenyonya ziwa moja; kila neno likaingia.
Nikauliza jina la mtoto.
"Butoyi."
Kwetu pia Butoyi ni pacha wa pili.
Sikuuliza Bukuru yuko wapi.

Nilikishika kile kichupa
mpaka kikapata joto la kiganja, jambo lisilofaa.
Kisha nikamwambia Wilondja: nenda zoni ya sita,
niletee tisa, wowote, kabla giza halijaingia.
Kifuniko kikatoa mlio mdogo,
kama kidole kinachoteguka.

Alileta wanane.
Tuliwachoma kwa mwanga wa tochi
aliyoishika Spesioza, mkono hautikisiki.
Dozi moja ikabaki. Tukaingoja saa sita zake,
mimi na Gwasa, hatuzungumzi,
kisha kwenye daftari nikaandika: imetupwa, moja.

Alfajiri lori likaingia likinguruma matope.
Nikahesabu vichwa vikishuka.
Si kumi. Kumi na wanne.
Wilondja akanitazama, akatazama kasha.

Nikaigeuza katoni.
Upande huu kuna picha ya mkono uliovaa glovu,
umefunguka, vidole vyote vitano,
na pembeni yake nafasi nyembamba nyeupe.
Nikaanzia hapo: kumi na wanne.