Daftari la Ufunguo

Ufunguo wa shule yetu ni mmoja tu.
Nimeufunga kwa kamba ya mkonge kwenye mpini wa upawa uliovunjika,
usije ukazama mfukoni mwa mtu ukasahaulika.
Ninayekaa nao ni mimi, Jumwa wa Kenga, mpishi,
maana mwalimu mkuu analala Malindi mjini,
na Sabaki ikifura, habari zake huishia ng'ambo.

Anayeuchukua, anaandikwa.
Shule niliiachia darasa la nne, mwaka wa njaa,
lakini majina nayamudu,
na tarehe, na ile safu ya mwisho: Sababu.

Haya, funua popote.

Kahindi Mwaringa, kikao cha bomba la maji.
Waligombana hadi saa nne usiku; dawati moja lilirudi na miguu mitatu.
Nesi Mapenzi, chanjo. Watoto thelathini na wanane
na beberu wa Katana, aliyeingia akakataa kutoka.
Safari Tsuma, madawati kumi na mawili, matanga ya mamake.
Aliyarejesha yamepanguswa, ila moja lina nta ya mshumaa
ambayo mpaka leo watoto wanaichokonoa wakati wa hesabu.

Dama Karisa, Jumamosi, usiku.
Sababu nimeiacha wazi.
Alilala darasa la kwanza na wanawe watatu
chini ya herufi za ukutani,
na alfajiri akafagia vyumba vyote sita,
hata vile ambavyo hakuvilalia.

Ukurasa huu umekunjamana, ulirowa.
Ni mwaka ule mto ulipopanda mpaka kwenye migomba ya kina Charo
ukaendelea kupanda.
Aliyechukua: Sisi.
Kurudisha: hapana tarehe.
Wiki tatu tulikaa, kuku, mikeka, redio ya Kahindi,
na masomo hayakusimama.
Bibi Nyevu alikaa nyuma kabisa,
akanyoosha kidole kila swali, hata lile asilolielewa,
na mwalimu Kadzo akamwita kila mara.
Mtoto aliyezaliwa stoo, kati ya magunia ya mahindi,
ana jina zuri la babu yake. Sisi tunamwita Chaki.

Sasa juzi kaja kijana wa ofisi na pikipiki,
kishikwambi kifuani kama mtu aliyebeba kitoto.
Akahesabu wanafunzi: sabini na mmoja.
Akahesabu tena, labda wangezaliana.
"Ndogo mno hii, mama. Itaunganishwa na ile ya barabarani."
Kilomita tisa, na mto katikati; hilo hakuliuliza.
Nikampakulia maharagwe. Akala, akaongeza.
Nikamwekea daftari mbele.
Akalifunua, akauliza, "Hizi ni takwimu za nini?"
Nikakosa la kusema.
Jibu lilinijia baadaye, nikikwangua ukoko,
kama yanavyonijia majibu yangu yote,
mwenye swali keshaondoka.

Ila huyu hakufika mbali.
Huko juu mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi,
na jioni kivuko kilikuwa maji matupu, rangi ya chai ya maziwa.
Alirudi anasukuma pikipiki, suruali imelowa hadi magotini,
viatu kavining'iniza shingoni.
Akaniomba pa kulala.

Sikumjibu. Nilimpa kalamu.
Aliandika jina lake kwa hati nzuri,
akaandika tarehe.
Alipofika kwenye Sababu, mkono ukasimama.

Nje vyura walikuwa wameanza.
Sikumhimiza. Taa ilikuwa na mafuta ya kutosha.