Kokwa za Tende

Alhamisi usiku, Mabela. Kiyoyozi kinakohoa.
Wifi yangu Zuwena kakunja miguu zuliani,
na Zahor, mwanawe, anachagua filamu
kama anayechagua tikiti maji:
anagonga, anasikiliza, anapita.

Sisi hatutoi nyota.
Sahani ya tende za khalasi inakaa katikati,
na filamu ikisha, tunahesabu kokwa.
Kokwa nyingi, filamu mbovu: mikono ilikuwa na nafasi.
Kokwa chache, tuliduwaa.
Sheria hii aliiweka marehemu Nasor,
aliyemjua muuaji kabla kahawa haijapoa
na hakuwa na adabu ya kunyamaza.

Ile ya theluji: mpelelezi mlevi, koti refu, mke kamkimbia.
(Mbona wote wamekimbiwa? Hakuna hata mmoja
anayeambiwa na mkewe apitie mkate?)
Maiti yuko mezani, kope zinacheza.
Nikasema, huyo anapumua.
Zuwena akasema, Shinuna, basi.
Lakini mimi nimekaa miaka ishirini na moja
karani wa chumba cha maiti, hospitali ya Rustaq,
naandika majina kwa wino usiofutika,
naujua uzito wa kimya chao.
Yule alikuwa amelala tu, tena kwa mshahara.
Kokwa thelathini na nne.

Ile ya wizi wa benki, mnara wa vioo, Dubai au mfano wa Dubai:
magari yanaruka, hakuna anayesimama taa nyekundu
wala anayepigwa faini na kamera.
Zahor aliipenda. Zahor ana faini saba.
Kokwa ishirini, ila kumi na mbili alikula yeye,
na kesi hiyo bado inasikilizwa.

Ya tatu ilianza vizuri: daktari, sumu, shamba la ndimu.
Robo saa ya mwisho wakatuletea pacha.
Pacha! Katoka wapi?
Utotoni, kwenye vitendawili, ukishindwa ulitoa mji,
lakini jibu lilikuwa limekaa humo tangu mwanzo,
ukajipiga paji la uso, ukacheka.
Huyu kachukua mji wangu bila kutega.
Hatukuhesabu. Zuwena alizimwaga kokwa jaani.

Na leo hii ndogo,
haina bunduki, hata muziki ni wa kudokoa.
Mwanamke jikoni anachambua mchele.
Simu inaita chumbani. Haendi.
Kijiwe. Chuya.
Simu inaita.
Kijiwe.
Dakika sita hivyo,
nami nikawa Rustaq, saa tisa za usiku,
simu ya mezani, mama mmoja wa Al Hazm
aliyekosea namba ya wodi akanipata mimi:
Mwanangu kafika? Wamesema wanamleta huko.
Alikuwa amefika.
Jina lake nilikuwa nimeshaliandika, wino haujakauka.
Nikasema, subiri mama, nikuitie daktari.
Nikailaza simu mezani, polepole,
naye akasubiri.
Nilimsikia akisubiri.

Taa zilipowashwa Zahor akasema, mbona hamna kitu?
Hata hatukumwona muuaji!
Mamake hakujibu. Ameshika tende moja,
ameipasua kwa kidole gumba, kokwa nusu iko nje,
sijui tangu saa ngapi.
"Hii Nasor asingeijua," akasema,
akairudisha tende sahanini, ilivyo,
jambo ambalo siku nyingine angelimgombeza mtu kwalo.

Zahor kafungua daftari.
Khalati, niandike ngapi?
Nikamwambia, andika sifuri,
kisha nipe hiyo sahani nikaioshe.
Ilikuwa safi. Niliiosha hata hivyo,
maji ya bombani yakiwa moto kama yalivyo huku mwezi wa saba,
na sebuleni, nyuma yangu,
simu ya mtu ikaita
na wote wawili wakaiacha iite mara moja, mbili,
kabla Zuwena hajasema,
pokea, mwanangu, pokea.