Bukini wa Kagadi

Mbwa wetu alimalizwa na kipande cha nyama
kilichorushwa juu ya minyaa, kimepakwa sumu.
Bukini hawali nyama.
Hula majani, na visigino vya wageni.

Watano. Irumba aliwaleta kutoka soko la Muhorro
wangali na manyoya ya njano, ndani ya koti lake,
kisha akaenda zake Kampala, simu ikazimika.

Wamemtimua mwizi wa mihogo,
karani wa kodi,
hata mchungaji na Biblia yake.
Jani la mgomba likidondoka, kelele!

Jana saa nane usiku lango lililia.
Nikashika panga, nikatega sikio:
kimya.
Shingo tano zimeinama gizani,
zinanong'ona kooni.

Nikaweka panga chini,
nikabandika chai.