Zawadi Yenye Risiti

Karani wa Kermanshahi agonga muhuri:
sheria haijui bei, inajua zawadi.
Basi Farzin, mwoka mikate, katoa zawadi,
figo la kushoto,
akapokea zawadi,
noti kwa noti, mara mbili, mate kidoleni.
Zawadi gani ina risiti?

Lakini daktari kalipwa. Muuguzi kalipwa.
Kalipwa hata aliyefua shuka.
Yeye tu ndiye aambiwe atoe kwa moyo?
Moyo haukomboi tanuri lililowekwa rehani.

Deni limekwisha; riba bado:
usiku hulalia ubavu mmoja,
na huko ng'ambo ya mji
figo linachuja, bila likizo, bila ujira wa pili,
chai ya Bibi Mahrokh, mwalimu.

Walionana mara moja, kwenye foleni,
wakakwepana macho.