Wa Mtaa

Mezani pana bili ya umeme.
Ndiyo hati inayoamua:
nyumba namba kumi na saba, ghorofa ya nne,
upande huu wa reli ya tramu,
basi mtoto ni wa sekondari ile,
ile ya nyuma ya duka la mikate,
ambayo ukutani walichora samaki
na mvua ikamla nusu.

Zsolt ameichora ramani kwa kalamu mbili.
Nyekundu: shule yenye mkondo wa kimataifa,
tramu mbili na basi, dakika arobaini na tano,
mtihani wa kuandika, mtihani wa kuzungumza,
na barua ya kueleza kwa nini
mtoto wa miaka kumi ana ari.
Buluu: dakika sita kwa miguu,
saba theluji ikianguka.

Nikirudi alfajiri kutoka zamu ya hospitali
namkuta bado anapiga hesabu za waliofaulu.
“Wote kazini wamepeleka nyekundu, Marivic. Wote.”
Namwambia mchagua jembe si mkulima.
Ananijibu kwa Kihungari, lugha ya hasira zake,
nami nanawa mikono
kwa mara ya hamsini tangu jana.

Nchi hii huyahesabu madarasa kinyumenyume.
Unaingia la sita, unafika la tano,
la nne, la tatu;
anayepanda, kwa hesabu yao, anashuka.
Nilimuuliza karani wa manispaa kwa nini.
Alinitazama kama niliyeuliza
kwa nini Jumatatu huja baada ya Jumapili.

Jumamosi moja ya Machi walifungua milango.
Mkuu wa shule, Bi Perrachon, alitupa mkono wenye chaki.
Nilikagua vyoo, mimi ni muuguzi:
maji yapo, sabuni hakuna.
Zsolt alihesabu kompyuta, akahesabu zinazowaka,
akakunja midomo.
Ilka alipotea.

Tulimkuta maabara, jicho kwenye hadubini,
akitazama ngozi ya kitunguu.
Mwalimu, Bwana Benhaddou, akamuuliza: “Unatoka wapi?”
Nikamwona binti yangu akivuta pumzi.
Swali hilo analo jibu, amelikariri kama sala:
nilizaliwa Doha, baba Mhungari, mama Mfilipino,
tumeishi Rotterdam, nyumbani tunasema…
“Hapana, hapana,” mwalimu akacheka. “Mtaa gani?”

Pumzi ile haikuwa na pa kwenda.
“Mtaa wa Mierezi,” akasema. “Juu ya kinyozi.”
“Kumbe jirani! Kinyozi huyo ndiye aliyeniharibu,”
akainama, akamwonyesha kisogo.

Njiani hakusema kitu hadi taa za barabarani.
Kisha, kwa Kifaransa,
lugha ambayo sisi wawili tunaikimbilia tukichechemea:
“Nimechoka kuwa wa mataifa.
Nataka kuwa wa mtaa.”
Taa ikawa kijani. Hatukuvuka.

Usidhani Zsolt alikubali.
Barua ya ari aliiandika, akaifuta, akaiandika,
na siku ya mwisho bahasha ikalala juu ya friji
chini ya papai lililokuwa halijaiva.
Sijui ni usahaulifu au ni upendo.
Sijamuuliza. Ndoa ina vyumba vyake.

Na mimi bado naogopa, nisidanganye.
Wenzangu wa zamu wananiambia
walimu wakiugua hapo hakuna mbadala,
watoto hukaa kimya ukumbini saa nzima
wakitazama saa ya ukutani ikitafuna mchana.
Naogopa Kiilokano changu kitakauka kinywani mwake
na bibi yake, kwenye simu, atabaki na “habari” na “kwaheri.”

Septemba, siku ya kwanza, alikataa tumsindikize.
Tulisimama dirishani, ghorofa ya nne,
watu wazima wawili nyuma ya pazia kama wezi,
tukamwona akimpungia kinyozi,
akapita duka la mikate,
akampita samaki nusu.
Begi lilikuwa kubwa kuliko mgongo.
Ndani yake, mfuko wa pembeni, bila kumwambia,
nilikuwa nimetia kipande cha sabuni.