Chupa Kando ya Maua

Mimi ni dereva tu. Wiki ya mwisho ya Juni, kila asubuhi,
naliwasha basi la kanisa, linakohoa kuniliko,
nawazoa watoto milangoni, bonde hadi bonde:
Jory na dadaye, mapacha wa kina Sponaugle,
na Marlee, ambaye kitabu chake cha nyimbo
kimejaa michoro ya kamba wa mtoni.

Zamani Wiki ya Biblia ilikuwa gundi na vijiti vya aiskrimu,
safina ya karatasi, biskuti, maji ya sukari.
Mwaka huu Bi Orpha Teets kaja na ndoo kumi na mbili,
gambuti za kuazima, na vipande vya karatasi
vinavyobadilika rangi vikionja maji.
"Adamu," kasema, "hakupewa bustani akae kivulini."
Akawagawia nyavu.

Kijito chetu, chini ya mlima tuliouchimba,
kimeiva kutu. Mawe yake ni sufuria
zilizosahauliwa mvuani.
Watoto waligeuza jiwe la kwanza: hakuna kitu.
La kumi: hakuna kitu.
Hata mdudu mmoja wa kumpa jina.
Bi Orpha akasema andikeni sifuri, sifuri nayo ni ushahidi.
Wakaandika. Ukurasa mzima wa mayai
yasiyo na kifaranga.

Ndipo Marlee akauliza, "Nani alifanya hivi?"
Hakushtaki. Aliuliza
kama mtu anayeuliza nani kaacha mlango wazi.
Bi Orpha akayatazama maji. Marehemu mumewe
alikuwa akifunga taa kule chini, zamu ya usiku.
Nami nimeegemea basi, kahawa mkononi.
Ningeweza kufunika kombe, swali lipite.

"Sisi," nikasema. "Mimi. Miaka kumi na tisa.
Tulitoa makaa yakawasha miji tusiyoijua,
yakawanunulia baba zenu viatu vya shule.
Kisha kampuni ikafunga lango, pampu zikazimwa,
mlima ukajaa maji, na maji
yakajitafutia mlango."
"Mlijua?"
"Nusu. Nusu ya pili hatukuuliza."

Akafikiri kidogo.
Akanipa ndoo.

Asubuhi nne tulibeba kokoto za chokaa kutoka barabarani,
tukazimwaga juu ya daraja, pale maji yanapokimbia.
Bega langu la kushoto likakumbuka umri wake.
Msiniimbie haba na haba;
kibaba hiki nakijua, kina tundu,
na tundu nililitoboa mimi.
Ila siku ya tano karatasi ya Jory
ikatoka wekundu wa kidonda
ikafika manjano, manjano ya ndizi mbichi kidogo,
naye akapiga ukelele hadi mbwa wa ng'ambo wakajibu.
Bi Orpha akaonya: ni hapa tu, ni leo tu,
mvua moja na itarudi.
Wakapiga kelele vilevile.

Jumapili waliweka chupa ya maji hayo madhabahuni
kando ya maua ya mazishi ya Alhamisi.
Nilibatizwa katika kijito kile, Agosti,
nina miaka tisa. Chini ya maji nilifumbua macho:
kokoto, vidole vya mchungaji vyeupe kama vitunguu,
na samaki mdogo asiyejali wokovu wangu.
Siku hizi twabatiza kwa maji ya bomba.

Hakuna aliyeihubiri chupa. Kutu ilikuwa imetulia chini,
juu maji safi, ungedhani kumepona.
Kisha Jory, akija na mshumaa, akagonga meza kwa kiuno,
na kutu yote ikainuka.
Mchungaji akakatiza sala katikati ya jina la Mungu.
Kanisa zima tukaitazama ikizunguka, ikizunguka,
wala hakuna aliyekohoa.

Jumatatu hapakuwa na ratiba. Wiki ilikwisha.
Nikaliwasha basi, sijui kwa nini,
nikapita kwa kina Marlee.
Alikuwa ameketi kizingitini,
gambuti za kuazima bado miguuni.