Kata Tatu

Mtungi wenyewe upo, wanasema, kilomita mbili na nusu
chini ya sakafu ya Bahari ya Kaskazini.
Sijawahi kuuona wala sitauona.
Nina kata tatu tu: visima vitatu,
kimoja kilichimbwa mwaka niliozaliwa
na watu waliotafuta mafuta, wakakosa, wakatukana, wakaondoka.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Haya, kata, sema.

Jana ghalani Stavanger, Eilert alifungua sanduku,
akatoa kipande cha mwamba, kikavu kama mkate wa juzi,
akakilamba.
"Mchanga," akasema. "Ulimi haudanganyi. Lamba nawe, Gunnvor."
Nikalamba. Chumvi, na vumbi la pwani
iliyokauka kabla hapajakuwa na mtu wa kuiita pwani.

Kwenye kompyuta nimeigawa pwani hiyo
vyumba milioni mbili, kila kimoja nikakipa namba:
huku mchanga unapitisha, huku tope linaziba.
Kati ya kata na kata, kilomita kumi na tisa,
sijui kitu. Nakisia.
Nakisia kwa hesabu, lakini nakisia.

Nje Bergen inanyesha, siku ya kumi na moja.
Maji yanajua njia bila kuchorewa.

Nasukuma hewa ya ukaa, moshi wa viwanda vya saruji.
Inapanda polepole, rangi ya chungwa,
inagusa kifuniko cha udongo, inatandaa, inatulia.
Miaka mia. Miaka elfu. Chai yangu haijapoa.
Narudia mara mia mbili, kila mara nikibadili ninachokisia.
Mara mia moja tisini na tisa kifuniko kinashika.

Mara moja ufa wa mashariki unafunguka
na uzi wa chungwa unapenya kwenda juu,
bila haraka, kama mtu anayejua anakokwenda.

Eilert anasema: ni moja tu. Hasemi nifute.
Anavaa koti, anatafuta kofia iliyo mkononi mwake.

Wapo wanaotuita wafunika kombe
ili mwanaharamu apite.
Huenda. Lakini mwanaharamu huyu ni wetu,
tumemzaa kwa tanuri na injini, tumemlea,
na sasa anahitaji pa kulala.
Nami niliyepewa kumtandikia
sitasema godoro halina kunguni.

Picha ile moja nimeiweka ukurasa wa nne,
kabla ya majedwali, mahali ambapo hata mwenye haraka atapita.
Chini yake nimeandika: tunahitaji kata ya nne, hapa,
nikatia msalaba mdogo baharini.
Gharama sikuiandika. Wataniuliza kesho.